Kazi ya Msimu Katika Bustani ya Mabembea Nchini Marekani: Mwongozo kwa Anayefikiria Kuiomba

Ifikapo Januari, theluji ikiwa bado imefunika viwanja vya kuegesha magari, bustani za mabembea za jimbo la Ohio, yaani viwanja vya burudani vyenye mashine za kupanda na kuzungushwa, huanza kutafuta wafanyakazi wa msimu ujao. Cedar Point ya Sandusky, iliyojengwa kwenye rasi inayoingia Ziwa Erie, imepokea wageni wa kiangazi tangu 1870. Kings Island ya Mason, karibu na Cincinnati, ilifunguliwa mwaka 1972, na The Beast, rolakosta yake ya mbao (treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi) iliyoanza kukimbia mwaka 1979, ina njia ya mita 2,243. Bustani za ukubwa huo huhitaji maelfu ya watu wa kufanya kazi tangu majira ya kuchipua hadi vuli, kisha waage na kuondoka.

Nilifanya kazi misimu mitatu katika bustani mojawapo ya jimbo hili. Tangu hapo, vijana wa kanisani kwetu, wengi wao wakiwa wamezaliwa Uvira, Bukavu au kambini Nyarugusu, huniuliza swali lile lile kila baridi inapoanza kulegea: je, kazi ile inafaa? Huwajibu kwamba inafaa kwa anayejua anachokiendea. Wengi huiendea wakidhani watalipwa kwa kukaa karibu na raha, ilhali raha ni ya mgeni aliyelipa kiingilio. Wewe umeajiriwa kusimama juani, kurudia maneno yale yale mara mia tano kwa siku, na kuwalinda watu ambao hawajui kwamba wanalindwa. Aliyelikubali hilo tangu mwanzo humaliza msimu akiwa na pesa, marafiki na barua nzuri ya kumshuhudia. Ambaye hakulikubali huacha kazi kabla ya tarehe 4 Julai, nami nimewaona wengi wa namna hiyo wakirudisha sare wakiwa na macho mekundu.

Chagua idara kabla idara haijakuchagua

Fomu ya maombi huuliza ungependa kufanya kazi wapi, na vijana wengi huandika “popote”. Usiandike hivyo. Anayeandika “popote” hupelekwa penye pengo, na pengo huwa mahali ambapo wengine wamekimbia.

Jikoni na vibandani utakaanga chipsi, utauza soda na bisi, na utarudi nyumbani ukinuka mafuta hata baada ya kuoga. Lakini utakuwa kivulini, na mara nyingi utapata mlo kwa bei nafuu. Usafi ni kazi ya heshima ambayo haipewi heshima yake: utafagia, utabeba mifuko ya taka, na utamwagia unga wa kufyonza juu ya matapishi chini ya mabembea yanayozunguka, lakini unatembea huku na huko, hakuna anayekufokea, na siku hupita upesi. Kwenye michezo ya kurusha mpira na kujishindia wanasesere huhitajiwa mtu mwenye sauti na uso mkunjufu. Aliyewahi kuwasikiliza wapiga debe wa stendi ya daladala anaijua kazi hiyo tayari, tofauti ikiwa kipaza sauti tu. Uokoaji kwenye mabwawa ya kuogelea hulipa vizuri kidogo kuliko kazi nyingine, lakini kuna mtihani wa kuogelea na mafunzo makali: waokoaji wengi hufundishwa kulikagua eneo lao lote la maji kwa sekunde 10 na kumfikia anayezama ndani ya sekunde 20 zinazofuata, na wakaguzi huja bila taarifa kuwapima. Kama hujui kuogelea vizuri, usijaribu kujifunzia pale.

Uendeshaji wa mabembea, ambao ndio niliofanya mimi, nitaueleza kwa kirefu zaidi hapa chini.

Umri nao hufunga na kufungua milango. Kwa sheria za serikali kuu, kijana wa miaka 14 au 15 anaweza kuuza vitu na kuhudumia wageni, lakini haruhusiwi kuendesha bembea, na saa zake zimewekewa mipaka: saa tatu tu kwa siku ya shule, saa nane kwa siku isiyo ya shule, na mwisho wa kazi ni saa moja jioni, isipokuwa kati ya tarehe 1 Juni na Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, ambapo mwisho husogezwa hadi saa tatu usiku. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuiendesha wala kuiosha mashine ya umeme ya kukatia nyama vipande. Ikiwa msimamizi atakuambia uisafishe “mara moja tu”, mwambie umri wako kwa adabu na usiiguse.

Kuhusu karatasi: utajaza fomu I-9 ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, na hati zako zitatazamwa ndani ya siku tatu za kazi tangu uanze. Uchaguzi wa hati za kuonyesha ni wako, mradi ziwe kwenye orodha iliyoambatanishwa na fomu. Mwajiri haruhusiwi kukudai hati moja maalumu. Aliyepokelewa kama mkimbizi anaweza kutumia fomu yake ya I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) yenye muhuri wa hadhi hiyo kama stakabadhi kwa siku 90 wakati akisubiri hati nyingine. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimemwona kijana akirudishwa nyumbani na karani asiyeijua kanuni hiyo, naye akanyamaza, akapoteza wiki mbili za mshahara. Ukikataliwa, omba kuonana na mkuu wa ofisi ya ajira, na umwonyeshe ukurasa wa maelekezo ya fomu yenyewe.

Hesabu saa, usihesabu kiwango

Tangazo la kazi huonyesha malipo ya saa moja kwa herufi kubwa. Malipo hayo peke yake hayakuambii lolote. Unachohitaji kujua ni saa ngapi utapewa, ni ngapi zitafutwa na mvua, na nini kitakatwa kabla pesa haijakufikia.

Anza na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Sheria ya kazi ya serikali kuu ya mwaka 1938 ina kifungu kinachoziondolea bustani za msimu wajibu wa kulipa kima cha chini cha serikali kuu na malipo ya nusu zaidi kwa saa zinazopita 40 kwa wiki. Bustani hupata msamaha huo ikiwa haifunguliwi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, au ikiwa wastani wa mapato ya miezi yake sita dhaifu haupiti theluthi moja ya wastani wa miezi mingine sita. Sheria za jimbo zinaweza kuwa kali zaidi, na baadhi ya waajiri hulipa nyongeza kwa hiari yao, kwa hiyo uliza wazi: “Nikifanya saa 55, zile 15 za mwisho zinalipwaje?” Tuchukue dola 12 kwa saa kama mfano. Penye nyongeza, wiki ya saa 55 ni dola 750. Pasipo nyongeza, ni dola 660. Hiyo ni tofauti ya dola 90 kila wiki, na katika Julai na Agosti wiki za saa 55 ni za kawaida.

Kutoka kwenye hizo 660, mfanyakazi wa kawaida hukatwa asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, yaani takriban dola 50, kisha kodi ya serikali kuu, ya jimbo, na mara nyingi hapa Ohio kodi ya mji pia. Ukilala kwenye bweni la wafanyakazi, kodi ya kitanda hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, hata katika wiki ambayo mvua imekunyima saa. Ukilala nyumbani, hesabu mafuta ya gari. Bustani hizi huwa nje ya mji, na penye basi, la mwisho huondoka kabla zamu ya usiku haijaisha. Mimi msimu wa kwanza nilipanda gari la jirani kwa kuchangia mafuta, na siku jirani alipougua nilitembea kilomita tisa kandokando ya barabara kuu gizani. Hakikisha una njia mbili za kurudi nyumbani kabla ya kusaini.

Mvua ina kanuni yake. Radi ikikaribia, mabembea marefu husimamishwa. Ikiendelea, wageni huondoka, na wasimamizi huanza kuuliza nani angependa kwenda nyumbani mapema. Saa ambazo hukufanya hulipwi. Kwa upande mwingine, bustani nyingi hutoa bonasi kwa anayefika tarehe ya mwisho ya mkataba wake, na bonasi hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya akiba yako. Soma tarehe hiyo kwa makini kabla ya kusaini: ikiwa shule yako inafunguliwa katikati ya Agosti na mkataba unaishia Septemba, bonasi si yako, hata ukiwa umefanya kazi kwa bidii kuliko wote. Omba tarehe ibadilishwe mapema, kwa maandishi.

Na jambo dogo kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: ratiba itakuja kwenye simu ikiwa imeandikwa 10:00, nawe kichwani utasema saa nne. Mwenzangu aliyekulia Kigoma alimwomba mama yake amwamshe kwa ajili ya zamu ya “saa kumi”, na mama, kwa upendo wote, akamwamsha alasiri. Alipewa onyo la maandishi siku yake ya tatu kazini. Weka kengele kwenye simu mwenyewe.

Zamu ya mwendesha bembea

Siku huanza kabla ya wageni. Mafundi huwa wamefika alfajiri, wametembea juu ya njia, wamekagua magurudumu, minyororo na breki, na wameweka saini kwenye fomu ya siku hiyo. Treni tupu hukimbizwa mara kadhaa. Hakuna anayepanda kabla fomu haijakamilika, na wewe una haki ya kuiona. Tangu 1981 mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa bidhaa haikagui mabembea yaliyojengwa mahali pamoja. Jukumu hilo ni la majimbo, na Ohio limewekwa chini ya idara ya kilimo. Baada ya mkono wa bembea ya maonesho ya jimbo kukatika Julai 2017 kwa sababu ya kutu iliyokuwa imeula chuma kwa ndani, na kijana mmoja kufariki papo hapo, jimbo lilipitisha mwaka 2019 sheria iliyoongeza masharti ya kukagua kutu na uchovu wa chuma. Nawaeleza wafanyakazi wapya habari hiyo siku ya kwanza ili saini isionekane kwao kuwa desturi tu.

Utazungushwa vituoni: mlangoni kwenye kibao cha urefu, jukwaani kwa kupanga abiria kwenye safu, kwenye ukaguzi wa viti, kwenye meza ya vitufe, kisha njia ya kutokea. Ukaguzi wa viti una mwendo wake wa mikono, na mwili huukariri kabla ya akili: vuta mkanda, sukuma chuma cha mapajani chini, kivute juu kuona kama kimeshika, nenda kiti kinachofuata. Ukimaliza safu zako unainua kidole gumba juu ili wa kwenye vitufe akuone, na kwenye mabembea mengi treni haiondoki mpaka watu wawili wabonyeze vitufe vyao kwa pamoja.

Hapo ndipo shinikizo lilipo. Njia ya rolakosta imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande kabla iliyotangulia haijakitoka. Mkichelewa jukwaani, treni inayorudi husimamishwa kwenye breki nje ya kituo, abiria wakiwa wamefungwa juani, na kila mtu hugeuka kuwatazama ninyi. Msimamizi naye ana saa mkononi, kwa maana bustani huhesabu ni watu wangapi wamepanda kila saa. Usiruke kiti hata kimoja. Kasi huletwa na kuwatayarisha watu mapema: waambie wakiwa bado kwenye foleni wafunge simu mifukoni, wavue kofia, wamshike mtoto mkono. Dakika unayoipata kule ndiyo unayoitumia kwenye viti.

Kibao cha urefu ni kituo ambacho mgeni wa kazi hupewa kwanza, na kwa moyo ni kigumu kuliko vyote. Rolakosta nyingi kubwa hudai inchi 48, yaani sentimita 122, na nyingine hudai 52 au 54. Jumamosi moja ya Julai alinijia baba mmoja na binti yake wa miaka kama sita, nikawasikia wakizungumza Kiswahili cha Kivu. Mtoto alisimama chini ya kibao akiwa ameinua visigino. Nilipomwomba akanyage chini sawasawa, nikaona kiatu kimetuna kwa nyuma. Nilipiga goti, nikamwomba avue, na ndani mlikuwa na leso za karatasi zilizokunjwa vizuri mara nne. Bila hizo alipungukiwa na upana wa vidole viwili.

“Kijana wangu,” baba aliniambia kwa sauti ya chini, “tumeendesha saa tatu. Na wewe ni wa kwetu.”

“Baba, naomba unisamehe. Kile chuma kinashika mapaja ya mtu wa kimo fulani. Huyu mdogo wangu anaweza kuteleza chini yake.”

Alikitazama kibao, akamtazama mtoto, kisha akaziokota zile leso na kuzitia mfukoni. Niliwaonyesha rolakosta ndogo ng’ambo ya pili ambayo kimo cha mtoto kilitosha, nikamwita mwenzangu awapeleke. Mtoto hakulia, ni mimi niliyekaa na uzito kifuani hadi zamu ilipokwisha.

Kutokana na siku kama hiyo nina ushauri wa vitendo. Mpime mtoto akiwa amevaa viatu vya kawaida, visigino vikiwa chini na kichwa kikiwa wima. Mkiwa na shaka, mwite mwenzako apime mara ya pili bila kumwambia umepata nini. Usiseme “labda” wala “nitaona”, kwa sababu mzazi ataishikilia hiyo labda. Uwe na jibu la “badala yake” tayari kabla hujatoa jibu la “hapana”. Na mgeni akikutukana, rudi hatua moja nyuma, mwite msimamizi, na umwachie yeye mazungumzo. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa zaidi yako kuifanya.

Mwili pia unahitaji mpango. Nunua viatu vyenye soli nene wiki mbili kabla ya kuanza, uvivae nyumbani vilainike, na uwe na jozi mbili za soksi kwa kila zamu ili ubadilishe wakati wa mapumziko. Kunywa maji kabla ya kiu, maana kiangazi cha Ohio kina joto lenye unyevu linalofanana na la Dar es Salaam mwezi Februari, ila hapa unavaa suruali nzito na huna upepo wa bahari. Ukihisi kizunguzungu kwenye meza ya vitufe, sema mara hiyo hiyo na utoke. Hakuna aibu katika hilo; aibu ni kuendelea kukaa pale.

Kwa mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki

Wako wanaokuja kwa viza ya J-1 ya kazi na matembezi ya kiangazi. Mpango huo ni wa wanafunzi wa vyuo nje ya Marekani waliomaliza angalau muhula mmoja, hauzidi miezi minne, na lazima uangukie likizo ya chuo chako. Huwezi kuja bila mdhamini aliyeidhinishwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ambaye hukutolea fomu DS-2019 ya kuombea viza hiyo na anapaswa kuihakiki kazi yako. Mdhamini huyo ndiye wa kupigia simu mambo yakiharibika, na huruhusiwi kuhama kazi kabla hajakubali. Kanuni za mpango zinakataza maonesho ya mabembea yanayohamahama na kazi ambazo saa zake nyingi ni kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ukipewa ofa ya namna hiyo, jua kuna kasoro.

Jumlisha ada ya mdhamini, ada ya viza, nauli ya ndege, amana ya bweni na chakula cha wiki mbili za kwanza, kisha linganisha na saa zilizoandikwa kwenye mkataba wako, usilinganishe na zile wakala anazozitaja kwa mdomo. Wakala anayekuhakikishia viza anakudanganya, kwa kuwa uamuzi ni wa ofisa wa ubalozi peke yake. Kwa kawaida mwenye J-1 hakatwi ile asilimia 7.65, kwa hiyo ikague hati yako ya kwanza ya mshahara, na ukiikuta imekatwa, nenda ofisi ya malipo siku hiyo hiyo. Kodi ya mapato utakatwa, na mwaka unaofuata utajaza fomu 1040-NR, hata ukiwa umekwisha rudi Morogoro au Eldoret.

Wiki ya mwisho

Toa taarifa ya kuondoka wiki mbili kabla, kwa maandishi, hata ikiwa mkataba wako unaisha wenyewe. Bustani huandika kwenye faili kama utapokewa tena au la, na anayerudi msimu wa pili mara nyingi hupanda daraja na kuchagua idara. Mwombe msimamizi barua angali anakukumbuka. Rudisha sare, kitambulisho na funguo za bweni mwenyewe, udai stakabadhi, na piga picha ya chumba kikiwa kitupu, kwa sababu amana nyingi hupotelea kwenye ubishi kuhusu godoro.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya mfanyakazi ubadilishe anwani. Fomu W-2, inayoonyesha ulicholipwa na ulichokatwa mwaka mzima, inapaswa kutumwa kabla Januari haijaisha, nayo huenda kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu. Ya kwangu ya msimu wa kwanza ilikwenda kwenye bweni lililokuwa limefungwa kwa baridi, na nilisubiri hadi Aprili kupata nakala.